Unga Uliokula Rangi

Katika miaka ya 1920, wapakaji rangi wa Ulaya na Marekani walikuwa na malalamiko ambayo viwanda havikuwa na jibu lake. Rangi mpya nyeupe, iliyotengenezwa kwa dioksidi ya titani, ilipendeza mno siku ilipopakwa. Baada ya kupigwa na jua misimu michache ilianza kupukutika. Aliyepitisha kiganja ukutani alikitoa kikiwa kimejaa unga mweupe, na upande wa nyumba uliopata jua zaidi ndio ulioharibika upesi. Ajabu yake ni kwamba unga wenyewe ulikuwa mzima kabisa. Kilichokwisha ni mafuta yaliyoushikilia ukutani.

Rangi hiyo haikuwa ya kutupwa hivi hivi. Kabla yake weupe wa nyumba, meli na samani ulitokana na madini ya risasi, sumu iliyowalemaza watengenezaji na wapakaji kwa karne nyingi, na kuwadhuru watoto waliotafuna vipande vilivyobanduka madirishani. Titani haikuwa na sumu hiyo, na ilifunika ukuta vizuri zaidi. Uzalishaji wa kibiashara ulianza mwaka 1916 katika miji miwili iliyo mbalimbali, Fredrikstad nchini Norway na Niagara Falls nchini Marekani. Kwa hiyo unga ulipoanza kutoka ukutani, hakuna aliyetaka kurudi kwenye risasi. Ilibidi watu wajue mafuta yale yanaliwa na nini.

Titani yenyewe haikuwa ngeni kwa wakemia. Mwaka 1791 William Gregor, kasisi wa Cornwall, Uingereza, aliyependa kuchunguza mawe na mchanga, alichota mchanga mweusi kwenye kijito karibu na kijiji cha Manaccan, akaona unavutwa na sumaku, akaupima na kukuta ndani yake oksidi ya metali isiyojulikana. Miaka minne baadaye Martin Heinrich Klaproth wa Berlin aliikuta oksidi hiyo hiyo katika jiwe jekundu liitwalo rutaili, akaipa metali jina la titani. Mchanga mweusi wa namna ile tunao pwani yetu. Kwale, kusini mwa Mombasa, kampuni ya Base Titanium ilichimba ilmenaiti, rutaili na zirkoni kuanzia mwaka 2013, ikapakia melini Likoni, mpaka uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Ulimwenguni, sehemu kubwa ya madini ya titani huishia kuwa unga mweupe wa rangi, plastiki na karatasi, na sehemu ndogo tu huwa metali ya ndege. Unga huo mweupe ndio mhusika wa historia hii, na ndio nitakaouita titani kwa ufupi.

Mwaka 1929 mtaalamu wa rangi wa Kijerumani, E. Keidel, aliandika kwamba rangi zilizochanganywa na dioksidi ya titani hufifia zikipigwa na jua. Mwaka 1938, Charles Goodeve na J. A. Kitchener wa University College London walilichukua jambo hilo mpaka maabara. Walitia rangi ya nguo juu ya unga wa titani, wakaimulika kwa mionzi ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga ambayo jicho haliioni, wakaangalia rangi ikipauka. Unga haukupungua wala kubadilika. Maelezo yao yalikuwa kwamba unga hupokea mwanga, hutumia nguvu yake kuiunguza rangi kwa oksijeni, kisha hubaki tayari kwa kazi ile ile. Kwa lugha ya kemia, ni kichocheo, na kinaamshwa na mwanga.

Ukiyasoma matokeo hayo leo utadhani dunia ingesimama kuyatazama. Haikusimama. Waliohitaji kuyajua ni wenye viwanda vya rangi, na wao walitaka tabia hiyo ikomeshwe. Walihama taratibu kutoka aina ya fuwele iitwayo anatasi, iliyo kali zaidi, wakaenda kwenye rutaili iliyo tulivu. Kisha wakajifunza kuivika kila chembe ganda jembamba la alumina na silika, ili mwanga ukiiamsha isiyafikie mafuta yaliyo nje. Rangi ya ukuta unayonunua dukani leo imebeba kazi hiyo. Kwa miongo mitatu na zaidi, karibu ujuzi wote wa watu kuhusu titani na mwanga ulikuwa ujuzi wa kuifunga mikono.

Aliyeifungua mikono hiyo alikuwa akitafuta kitu kingine. Mwaka 1967 Akira Fujishima alikuwa mwanafunzi wa uzamili katika Chuo Kikuu cha Tokyo, chini ya mwalimu wake Kenichi Honda, akijifunza jinsi mwanga unavyosababisha umeme katika vitu vilivyozamishwa majini. Wengine katika fani hiyo walikuwa wakitumia vitu kama oksidi ya zinki, ambavyo vikimulikwa huyeyuka vyenyewe kidogo kidogo. Fujishima alipata fuwele ya rutaili kutoka kampuni moja ya Kobe. Akaikata vipande vyembamba, akaunga waya wa shaba, akakizamisha kipande majini na kukiunganisha na kipande cha platinamu kilichokuwa upande wa pili. Kisha akawasha taa kali ya zenoni. Mapovu yakaanza kupanda kutoka kwenye fuwele, na taa ilipozimwa yakakoma. Aliyapima: fuwele ilikuwa ikitoa oksijeni, na platinamu ikitoa haidrojeni. Maji yalikuwa yakipasuliwa kwa mwanga. Baada ya hapo aliitoa fuwele, akaikagua na kuipima. Haikuwa imeliwa hata kidogo.

Wanakemia wenzake wa Japani hawakumwamini upesi. Walijua ni nguvu kiasi gani ya umeme inahitajika ili maji yatoe oksijeni, na kijana huyu alikuwa akiripoti oksijeni kwa nguvu iliyo chini sana ya hapo. Walichokuwa hawajakubali ni kwamba pengo hilo la nguvu lilizibwa na mwanga. Ilipita miaka mitano mpaka mwaka 1972, Fujishima na Honda walipochapisha makala ya kurasa mbili katika jarida la Nature. Mwaka uliofuata bei ya mafuta ya petroli ikaruka, na nchi zisizo na visima zikaanza kuangalia jua kwa macho mapya. Siku ya kwanza ya mwaka 1974 gazeti la Asahi liliiweka habari ya Fujishima ukurasa wa mbele.

Ndoto ya wakati ule ilikuwa mafuta yatokanayo na maji. Fujishima alichukua mabati ya metali ya titani, akayachoma kwa moto ili juu yapate utando wa oksidi, akayatandaza juani. Kwa eneo la mita moja ya mraba alipata lita 7 hivi za haidrojeni kwa siku yenye jua. Ni kidogo mno: nguvu ya jua iliyogeuka kuwa haidrojeni ilikuwa asilimia 0.3 hivi. Sababu iko katika titani yenyewe. Anatasi huamshwa na mwanga wenye urefu wa wimbi usiozidi nanomita 388 hivi, yaani urujuanimno tu, na urujuanimno ni asilimia 4 au 5 ya nguvu ya jua inayotufikia ardhini. Mwanga wote mwingine, ule tunaoonea, huigonga titani na kuruka nyuma, na ndiyo maana titani ni nyeupe. Kwa kiwanda cha nishati, upungufu huo haukuvumilika.

Lakini kuna kazi ambayo haihitaji nguvu nyingi, na hapo ndipo watu wa maji walipoingia. Kando ya Ziwa Ontario nchini Kanada, katika mji wa Burlington, kuna kituo cha serikali cha kuchunguza maji ya ndani ya nchi. Miaka ya 1970 tatizo lao kubwa lilikuwa PCB, mafuta ya transfoma yenye klorini ambayo hayaozi, yanapanda kutoka matopeni kuingia kwenye samaki na kutoka kwa samaki kuingia kwa walaji. Mwaka 1976 John Carey na wenzake wawili wa kituo hicho waliripoti kwamba ukichanganya maji yenye PCB na unga wa titani, kisha ukayamulika kwa urujuanimno, klorini zinang'olewa. Mwaka 1977 Steven Frank na Allen Bard wa Chuo Kikuu cha Texas wakafanya hivyo kwa sianidi, sumu inayoambatana na migodi ya dhahabu na viwanda vya kupaka metali. Mwaka 1983 David Ollis na Ann Lorette Pruden wakaonyesha kwamba klorofomu na trikloroetilini, dawa ya kuondolea grisi, zinavunjwa mpaka mwisho.

Maneno hayo mawili, *mpaka mwisho*, ndiyo yaliyoipa mbinu hii heshima. Njia nyingi za kusafisha maji huhamisha uchafu tu. Mkaa hunasa sumu, kisha unabaki na mkaa wenye sumu. Kupuliza hewa hutoa kimiminika majini na kukipeleka angani, akivute jirani. Titani iliyoamshwa huibomoa molekuli yenyewe: kaboni inakuwa hewa ya ukaa, haidrojeni inakuwa maji, klorini inakuwa chumvi. Kinachofanya kazi hiyo ni hiki. Mwanga ukiipiga chembe, elektroni moja huruka kutoka mahali pake na kuacha pengo. Pengo hilo hunyang'anya elektroni kutoka kwa maji yaliyoshika uso wa chembe, na maji yaliyonyang'anywa hugeuka kuwa radikali ya haidroksili, kitu kinachodumu muda mfupi sana na kinachoshambulia karibu molekuli yoyote ya kaboni iliyo karibu. Elektroni iliyoruka nayo hudakwa na oksijeni, ikazaa mshambuliaji mwingine. Bila oksijeni kwenye maji, kazi hulala. Ndicho kile kile kilichoyala mafuta ya rangi kwenye kuta za miaka ya 1920, kwa kuwa mafuta ya rangi nayo ni molekuli za kaboni.

Tatizo ni kwamba elektroni nyingi hazifiki popote. Nyingi hurudi kwenye mapengo yao kwa kasi isiyofikirika, na nguvu ya mwanga inapotea ikiwa joto. Zinazofanikiwa ni zile zilizoukaribia uso. Hapa ndipo udogo wa chembe unapokuwa na maana: muhogo uliokatwakatwa hukauka upesi kuliko mzima kwa sababu una uso mwingi zaidi, na titani iliyosagwa hadi chembe za nano hupata uso mwingi kwa sababu hiyo hiyo. Unga uliokuja kuwa kipimo cha maabara zote, P25 wa kampuni ya Degussa ya Ujerumani, una chembe za nanomita 21 kwa wastani, na gramu moja yake ina uso wa mita za mraba zipatazo 50. Ni mchanganyiko wa anatasi na rutaili, anatasi ikiwa nyingi zaidi, na kwa miaka mingi watu waliotengeneza unga wao wenyewe kwa ustadi mkubwa waliambulia kushindwa nao.

Kutoka chupa ya maabara mpaka kisima kuna safari ndefu, na jaribio ninaloliheshimu kuliko yote ni la Livermore, California. Mahali pale palikuwa kituo cha ndege za jeshi la majini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Viyeyusho vya kusafishia injini vilimwagwa ardhini, vikashuka mpaka kwenye maji ya chini, na maabara ya taifa iliyorithi eneo ikarithi na trikloroetilini. Mwaka 1991 watafiti walipanga vioo virefu vilivyopinda, vinavyoligeukia jua, wakapitisha katikati yake mirija ya kioo yenye maji ya kisima yaliyochanganywa na unga wa titani. Trikloroetilini ilishuka chini ya sehemu 5 kwa bilioni, kiwango kinachoruhusiwa Marekani kwa maji ya kunywa.

Yaliyojitokeza pale ni mambo ambayo chupa ya maabara ilikuwa imeyaficha. Maji ya kisima si maji ya bomba la maabara. Yana bikaboneti, ile ile inayoacha gamba jeupe kwenye birika, na bikaboneti humeza radikali za haidroksili kabla hazijaifikia sumu. Ilibidi maji yatiwe asidi kidogo ili bikaboneti itoke, ndipo kasi ikapanda. Halafu kukawa na suala la kuutoa unga. Chembe za nano hazizami upesi, maji yanabaki na ukungu mweupe, na kuzichuja kila siku kwa wingi wa kisima ni gharama. Ukizigandisha kwenye kioo ili usilazimike kuzichuja, maji machache tu ndiyo yanayozigusa na kazi inapungua. Kila aliyeingia katika fani hii baada ya hapo amepambana na mambo mawili: uchache wa urujuanimno katika jua, na kazi hii ya kuchuja.

Wajapani walipita mlango mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Kazuhito Hashimoto alijiunga na Fujishima, na hoja waliyoijenga ni rahisi lakini inagusa kiini. Ndani ya nyumba urujuanimno ni mchache mno kusafisha tangi la maji. Lakini utando wa mafuta, moshi au vijidudu unaotua juu ya kigae kwa siku moja nao ni mwembamba mno. Uchafu huo unaweza kuliwa kadiri unavyokuja. Wakishirikiana na Toshiya Watanabe wa kampuni ya TOTO, inayotengeneza vigae na masinki, walichoma utando wa titani juu ya vigae, wakaongeza chembe za shaba au fedha ili vijidudu vife hata taa ikizimwa, na vigae hivyo vikawekwa katika vyumba vya upasuaji.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa taa za mahandaki ya barabara. Taa hizo huwaka usiku na mchana, na masizi ya magari huzifunika mpaka mwanga wake unafifia na mafundi kulazimika kufunga njia ili wazifute. Lakini taa hizo zenyewe hutoa urujuanimno kiasi. Kioo chake kikivikwa titani, taa inajisafisha kwa mwanga wake yenyewe, na masizi yanaliwa kabla hayajaganda. Hapo hapakuhitajika jua, wala pampu, wala kichujio. Mwaka 1997 kundi hilo hilo likaonyesha katika Nature jambo lingine: titani iliyomulikwa huyafanya maji yatandae badala ya kukaa matone, hivyo mvua huingia chini ya uchafu na kuuondoa. Mwaka 2001 kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilileta sokoni kioo cha madirisha cha namna hiyo.

Mwaka huo huo wa 2001 Ryoji Asahi na wenzake, wa maabara za utafiti za Toyota, walitangaza katika Science kwamba titani iliyotiwa naitrojeni huamshwa na mwanga unaoonekana. Maabara zikafurika. Kila wiki zilitoka makala za titani yenye salfa, yenye kaboni, yenye chuma, na nyingi zilijipima kwa njia moja: mimina rangi ya bluu ya methilini, mulika, angalia bluu ikififia. Nasikitika kusema kwamba kazi nyingi za kipindi hicho haziaminiki. Mwaka 2006 Bunsho Ohtani wa Chuo Kikuu cha Hokkaido na wenzake walieleza kosa lenyewe. Bluu ya methilini hupokea mwanga unaoonekana yenyewe, na inaweza kufifia bila unga kuamshwa hata kidogo. Mtafiti anaona bluu imetoweka, anaandika kwamba kichocheo chake kinafanya kazi, kumbe iliyokuwa ikifanya kazi ni rangi yenyewe. Onyo hilo lilitolewa waziwazi, na bado wanafunzi wengi hupewa chupa ile ile ya bluu.

Walioendelea kupima maji halisi walikuwa wachache. Miongoni mwao ni kituo cha Plataforma Solar de Almería, katika jangwa la Tabernas kusini mwa Uhispania. Chini ya kituo hicho, kuelekea bahari, kuna bahari nyingine ya plastiki: vibanda vya mboga vilivyofunika uwanda mzima, vinavyoilisha Ulaya nyanya na pilipili hoho, na vinavyotumia viuatilifu kwa wingi. Chupa tupu za viuatilifu zikikusanywa ili zisagwe na kutengenezwa upya, lazima zioshwe kwanza, na maji ya kuoshea ni supu ya sumu ambayo mitambo ya kawaida ya majitaka haiwezi kuimeza, kwa kuwa bakteria wake hufa. Watafiti wa Almería walikuwa wameshavunja viuatilifu vingi kwa titani na jua. Mtambo wa kweli ulipojengwa mwaka 2004, wenye vioo vya mita za mraba 150, haukutumia titani. Ulitumia chuma na haidrojeni peroksidi, mchanganyiko ambao Henry Fenton wa Cambridge aliueleza mwaka 1894, ukisaidiwa na jua. Chuma hupokea mwanga mwingi zaidi wa jua kuliko titani, na kasi yake ilikuwa kubwa zaidi. Watu waliojitolea miaka kwa titani waliipima kwa haki na kuchagua kilichosafisha maji. Hilo nalihesabu kuwa fahari ya fani hii.

Kwa sasa macho yameelekea kwenye vitu vidogo zaidi. Dawa za maumivu, viuavijasumu, homoni na vipodozi hupita mwilini mwetu, hupita kwenye mitambo ya majitaka, na huingia mtoni karibu vikiwa vizima, kwa viwango vya sehemu kwa bilioni au chini yake. Uswisi iliamuru mwaka 2016 kwamba mitambo yake mikubwa iviondoe. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kufanya hivyo hatua kwa hatua, na kuamua kwamba watengenezaji wa dawa na vipodozi walipe angalau asilimia 80 ya gharama ya hatua hiyo. Kwa viwango hivyo vidogo titani inafaa kuliko ilivyofaa kwa supu ya Almería, na taa za LED za urujuanimno zimepunguza utegemezi wake kwa jua. Lakini mitambo inayojengwa Uswisi inatumia ozoni na mkaa uliotengenezwa maalumu, ambavyo mafundi wa maji wanavifahamu na ambavyo haviachi ukungu mweupe majini. Titani itaingia humo siku itakapokuwa na utando unaoshika imara, unaopitisha maji ya mtaa mzima, na usioachia chembe mtoni.